Mtungi Mdogo wa Gesi

Mpira siujui. Ninachojua ni mizigo.
Huyu wa saba ameshuka stesheni na begi moja,
ubao mweupe uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na mtungi wa gesi, ule mdogo.
Nikasema moyoni: huyu ana hesabu.

Wa kwanza, Chambulikazi, alikuja na kitanda cha mninga,
akatundika mapazia, akapanda bamia nyuma ya bafu.
Bamia hazijatoa ua, kibarua kikaota nyasi.
(Uwanja wenyewe ni vumbi tupu.
Nyasi zote za Tabora huota kwenye vibarua vya makocha.)

Wa tatu aliondoka usiku kwa treni ya Mpanda.
Kwao Mwanza.
Ndiyo treni iliyowahi kuondoka.

Wa nne bado yupo ukutani kwa muuza supu,
kwa mkaa: *Kocha, chapati kumi na moja.*
Wa tano alilia. Chumba changu na chake
vinatenganishwa na ubao tu.
Sare tatu mfululizo,
nami nilidhani sare si msiba.

Na bado barua zinakuja!
Katibu Mihayo anazitia kwenye boksi la biskuti:
arobaini na mbili kwa nafasi moja,
nyingine za Bukoba, nyingine za ng'ambo ya ziwa,
mmoja kabandika picha kavaa suti ya kuazima,
mabega yanamwambia kila mtu si yake.
Nikamuuliza Mihayo, kazi gani hii
ambayo mshahara wa Machi unaonekana Juni,
na bosi wako ni kila mwenye tiketi,
hata yule asiye na tiketi, aliyekaa juu ya ukuta
anakutukania mama yako kwa jina?

Mihayo akakuna kidevu.
"Bi Mwasiti, hii kazi ni asali."

Asali.
Mimi ni binti wa mrina asali wa Sikonge.
Namkumbuka baba akirudi porini,
jicho moja limefumba, mdomo umehamia shavuni,
na kesho yake, asubuhi, anasokota kamba mpya
ya kupandia mzinga mwingine.
Hatukumuuliza kwa nini.
Tulilamba vidole.

Usiku wa Alhamisi huyu wa saba aligonga kuomba chumvi.
Barazani kwake, juu ya ndoo iliyofunikwa,
alikuwa amepanga vifuniko vya soda, kumi na moja.
"Kabla ya hapa ulifanya kazi gani?"
"Nilifundisha hesabu, sekondari, Urambo.
Mshahara tarehe ishirini na tano, haukosi."
"Ukaacha?"
Hakujibu. Alichukua kifuniko cha kijani,
akakisogeza vidole viwili kushoto,
akakitazama kama mtu anayesikiliza mlango.
"Ona," akasema. "Akisimama hapa, wote wanapumua."
Mimi niliona vifuniko.
Lakini nilimwona na yeye,
chumvi mkononi, amesahau mboga jikoni,
mpaka ikanukia hadi kwa jirani.

Jumamosi nilikuwa nafua.
Kelele ziliruka mapaa ya Isevya zikafika kambani:
moja kubwa, yetu.
Kisha, jua limeanza kulala, nyingine ndogo,
ya wageni. Kelele za wageni ni chache, ila zina meno.
Sare.
Nikakaza masikio usiku ule kwenye ubao.
Hakulia. Alikuwa anafuta kitu, anaandika, anafuta.

Jumapili gesi ikamwishia.
Tukaongozana dukani, mimi nikifuata sabuni.
Akaweka mtungi wake chini, akalipia wa kubadilisha,
akawa anaondoka,
halafu akarudi hatua moja,
akauliza, taratibu, kama anayeulizia mchumba wa watu,
bei ya ule mkubwa.

Nikageukia sabuni.
Nikajifanya sikusikia.